Uwape, Siyo Umpe

Kinampanda,
4 Mei 2025

Kwa mwanangu Sixbert,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mke wako Belinda, halafu Damari na mdogo wake Stanley. Mwambie Damari bibi amesikia habari za mtihani na amefurahi sana, na Stanley mwambie yule kuku wake mwekundu ametotoa vifaranga tisa, mmoja amechukuliwa na mwewe, wanane wapo. Na kifua chako kinaendeleaje? Ule upepo wa hapo mjini, unaotoka ziwani, sijawahi kuupenda. Vaa sweta asubuhi hata kama walimu wenzako watakucheka.

Huku dada yako Martina hajambo, anavuna alizeti na vibarua wawili. Shangazi yako Rebeka bado yuko hapa tangu msiba wa kaka yake. Kila siku anasema kesho ataondoka, na kila kesho anakuta kazi nyingine ya kumchelewesha. Jirani yetu Mzee Melkizedeki anakusalimu, anasema macho yamegoma kabisa lakini masikio bado. Mbuzi wako wanne hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni sisemi ni mzima, nisije nikaandika uongo kwenye karatasi.

Salamu zimeishia hapo. Sasa nisikilize.

Nimeandika barua kwa sababu simu nimeikataa. Nikipiga, Martina anaweka spika, Rebeka anasogeza kigoda, na wewe ukisikia nimepandisha sauti unasema, mama, mtandao unakatakata. Karatasi haikatiki. Niliishia darasa la nne, lakini nne hiyo inanitosha kwa haya.

Siku tunamzika baba yako ulinifanyia jambo ambalo mpaka leo sijalimeza. Miezi miwili kasoro inakwisha, nilikuwa nasubiri labda hasira itapungua. Haikupungua, imekaa pale pale kama jiwe kwenye kiatu.

Mwezi wa pili, baba yako alipokuwa bado anaweza kukaa kitandani, aliniita. Akasema, Severina, niletee kile kitabu changu cha nyimbo za wafu na penseli. Nikamletea. Akafungua kule mwisho, yale maneno ya kaburini, Rekwiem eternam dona ei Domine, et luks perpetua lucheat ei. Nikataka kumshikia mkono, akakataa. Akaongeza herufi moja, esi, mwishoni mwa ei ya kwanza na esi nyingine kwenye ei ya pili. Kazi hiyo ilimchukua muda kama wa kusali makumi mawili ya rozari. Alipomaliza akasema, "Mimi nikifa, kaburini kwangu waimbe eis. Uwape, siyo umpe. Usikubali waimbe ei."

Unajua mwenyewe, na mimi najua maana yeye ndiye aliyenifundisha. Ei ni umpe, ni mtu mmoja. Eis ni uwape, ni zaidi ya mmoja. Raha ya milele uwape ee Bwana. Baba yako alitaka tuwaimbie wawili. Wa pili ni yule mtoto niliyemzaa baada yako. Hajaimbiwa mpaka leo.

Nikampa kitabu Festo, ambaye ndiye katekista sasa mahali pa baba yako, nikamwonyesha kwa kidole. Festo akasema, nimeelewa mama. Siku yenyewe Festo kafungua kitabu, kafungua na mdomo, wewe ukakitoa kitabu mikononi mwake mbele ya jeneza. "Niachie, nitaongoza mimi." Ukaimba ei. Ukaimba vizuri, watu walikusifu, hata Rebeka alisema ile ni sauti ya kaka yake kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika udongo wa kurusha. Sikuurusha. Nilirudi nao nyumbani kwenye kiganja, nikaumwaga pale mlangoni.

Jioni yake nafungua kitabu, nakuta esi zote mbili zimefutwa kwa raba. Umefuta mpaka karatasi imekuwa nyembamba, ukiinua juani unaona kidole upande wa pili.

Tarehe kumi na nne mwezi wa sita ni misa ya kumaliza matanga. Nataka uje, na ukisimama kaburini uimbe vile alivyosema. Uimbe wewe, siyo Festo, kwa sababu aliyelitoa neno mbele za watu ni wewe. Sina ombi lingine kwako mwaka huu.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi. Na jibu umpe huyo huyo.

Mimi mama yako,
Severina


Singida Mjini,
11 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa shangazi, na kwa Mzee Melkizedeki. Martina mpe salamu, mwambie magunia matupu ya kuwekea alizeti nitayatuma wiki ijayo. Sisi hatujambo. Damari ameruka juu kusikia salamu zako, na Stanley anauliza huyo kifaranga wa tisa alikuwa wa rangi gani. Kifua hakisumbui. Sweta navaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Naona umeumia, na mimi sikuwa na nia ya kukuumiza. Acha nikueleze, mama, kwa utulivu.

Kilatini nimekisoma seminari miaka sita. Nyimbo za wafu zina sehemu nyingi. Ule wimbo wa kuanzia misa unasema "Requiem aeternam dona eis", uwape, hata kama mbele yenu kuna jeneza moja tu, kwa sababu pale Kanisa linawaombea marehemu wote. Lakini yale maneno ya mwisho ya kaburini, kama marehemu ni mmoja, ni "dona ei". Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo baba alivyoimba maisha yake yote. Kwa hiyo kilichotokea ni rahisi. Baba alikuwa anaumwa, anakunywa dawa kali, akauchanganya wimbo wa mwanzo na maneno ya mwisho. Nilipoona zile herufi za penseli nikasikitika, nikafuta ili kitabu chake kibaki safi. Nilidhani namtunzia heshima. Mwalimu Bonifasi hakuwa mtu wa kukosea Kilatini.

Kuhusu mtoto, mama, sijui nisemeje bila kukuudhi. Mlinieleza tangu nikiwa mdogo kwamba mimba ile iliharibika. Naheshimu uchungu wako. Lakini mimba iliyoharibika haina ibada ya maziko, haikuwa na ubatizo wala jina, na baba alilijua hilo kuliko sisi sote. Sioni namna ambavyo angeiingiza kwenye maneno ya kaburi lake.

Tena misa ya tarehe kumi na nne itakuwa ya Kiswahili yote. Nimezungumza na vijana wa kwaya, watakuja na kinanda. Kilatini wengi hawakielewi, na sitaki tuwachanganye watu kwa sababu ya herufi moja. Baba ameshazikwa kwa heshima. Tumwache apumzike.

Nakuomba usikasirike, presha yako siyo ya kuchezea. Kunywa vidonge asubuhi kabla ya chai, siyo baada.

Mwanao,
Sixbert


Kinampanda,
16 Mei 2025

Sixbert,

Wote waliosalimiwa katika barua ya kwanza wasalimiwe tena, sirudii majina. Stanley mwambie alikuwa mweupe mwenye doa kichwani.

Vidonge nimekunywa kabla ya chai. Sasa usiseme barua hii imeandikwa na presha.

Unaniambia kwa utulivu. Mimi nakujibu bila utulivu, maana umeniandikia kama mtoto wa mafundisho ya komunyo ya kwanza. Unasema baba yako alichanganya. Ulikuwa seminari mwaka tuliomzika mzee Nathanaeli, kwa hiyo hukuona, lakini mimi niliona. Festo alikuwa kijana wa kwaya wakati huo. Jeneza liko kwenye kamba, wanaume wanne wanashusha, Festo akaimba eis. Baba yako akainua mkono. "Simamisheni." Wanaume wakabaki na jeneza linaning'inia, jasho linawatoka. Akamwuliza Festo mbele ya wafiwa, "Mzee Nathanaeli alikuwa wangapi?" Festo akasema, "Mmoja, mwalimu." "Basi mwimbie mmoja." Watu walicheka msibani, mjane mwenyewe alicheka. Mtu wa namna hiyo ndiye achanganye? Na kama dawa zilimchanganya, mbona siku ile ile alikumbuka kwamba Martina hajamrudishia Melkizedeki shoka lake?

Sasa hilo la mimba. Uliambiwa mimba iliharibika kwa sababu ndivyo baba yako alivyotaka isemwe, na mimi nikanyamaza, kosa hilo nalibeba. Haikuharibika, Sixbert. Alizaliwa. Alikuwa wa kike. Alilia. Mwulize Rebeka, yuko hapa nje anapepeta mtama, ndiye aliyempokea.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka themanini na sita, wewe ulikuwa kwa bibi yako Kiomboi. Baba yako alikuwa ameondoka na baiskeli kwenda kufundisha kigango cha mbali, mwendo wa nusu siku. Mtoto alikuja kabla ya wakati, saa tatu asubuhi, mdogo, anatosha hapa kwenye viganja viwili. Mpaka saa sita akawa anavuta pumzi kwa shida, anaacha, anavuta. Rebeka akasema, wifi, huyu hafiki jioni, abatizwe. Nani ambatize? Katekista ndiye huyo kaenda na baiskeli.

Nilijua hata mwanamke anaweza kubatiza mtoto anayekufa. Baba yako alikuwa anafundisha hayo. Lakini alifundisha darasani na mimi nilikuwa jikoni. Niliyosikia ni yale aliyokuwa akiyaimba nyumbani jioni akijizoeza, yale ya Kilatini ya mapadre wazungu waliomlea, maana wazee walikuwa bado wanataka kuzikwa nayo. Nikafikiri maneno yenye nguvu ni hayo. Kama ni ya kumfikisha mtu kwa Mungu, si ndiyo hayo? Rebeka akashika kibuyu cha maji, mimi nikachota kwa kiganja, nikammwagia mtoto kichwani mara tatu, nikasema Rekwiem eternam dona eis Domine. Ndiyo Kilatini pekee niliyokuwa nayo. Nikasema yote mpaka amen. Akatulia. Nilifurahi, Sixbert. Niliona nimefanya.

Alikufa saa nane. Baba yako alifika saa tisa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, amekufa lakini nimembatiza. Akauliza, "Umesema maneno gani?" Nikamwambia. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akakaa kwenye kigoda akasema, "Huo siyo ubatizo. Hayo ni maneno ya maiti." Nikamwambia, lakini maji nimemwagia. Akasema, "Maji bila maneno yake ni kuosha tu. Na hata hayo ya maiti umeyakosea. Mtu mmoja ni ei."

Mtoto yuko mapajani pangu, na mimi nasahihishwa.

Akamzika mwenyewe pale kwenye ua wa minyaa, nyuma ya zizi, siyo kanisani. Hakuimba hata neno moja. Alisema sheria haimruhusu, na kama yeye katekista atavunja, watu watasema nini. Akatuambia mimi na Rebeka tusilie kwa sauti. Tukasikia jembe tu.

Toka siku hiyo sijawahi kuitikia kaburini. Miaka thelathini na nane na zaidi, kila msiba wakifika hapo nafunga mdomo. Baba yako alikuwa ananiona. Alikuwa anaimba huku ananitazama, na mimi namtazama. Hatukulizungumza. Nilimpikia, nilimfulia, nilimzalia Martina, nilimwogesha mpaka mwisho, na hilo halikuzungumzwa.

Halafu mwezi wa pili ndiyo akaomba penseli.

Umeelewa sasa? Baba yako neno nisamehe hakuwa nalo. Hukuwahi kulisikia, na mimi sikuwahi. Alichoweza ni kulichukua kosa langu, lile lile alilonisahihisha, akaliweka kwenye kaburi lake mwenyewe, yeye ambaye alimsimamishia Nathanaeli jeneza hewani kwa herufi moja. Alijua ni kosa, ndiyo maana aliliandika. Alitaka watu wote wasikie Mwalimu Bonifasi anazikwa na Kilatini cha Severina.

Ndipo ukaja wewe na sauti yako nzuri, ukanisahihisha mara ya pili.

Uje tarehe kumi na nne. Na kinanda chenu kije au kisije, hainihusu.

Severina


Singida Mjini,
27 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Belinda anajua kwa nini, nilikaa siku kadhaa siwezi kushika kalamu, na shuleni nilikuwa nafundisha kama mtu aliyelala. Watoto hawajambo.

Sina la kubishana nawe. Lakini kuna jambo nililolificha, na baada ya barua yako siwezi kuendelea kulificha.

Baba alinipigia simu siku ya Jumatano, siku tatu kabla hajafa. Sauti ilikuwa ndogo. Akasema, "Sixbert, kaburini mwimbe eis. Mama yako anajua." Nikamwambia, ndiyo baba. Sikumwuliza kwa nini. Nilikuwa kwenye kikao cha walimu, nilitoka nje kuongea naye na nilitaka kurudi ndani. Kwa hiyo nilipoona zile esi za penseli nilijua siyo za bahati mbaya. Nilijua ameagiza.

Nitakuambia kwa nini niliimba ei, ingawa haitanisaidia. Pale kaburini walikuwepo mapadre wawili niliosoma nao. Mimi niliacha seminari, wao waliendelea. Nilimwona Festo anafungua kitabu, nikawaona wao wamesimama na stola zao shingoni, nikasema moyoni, sasa watasikia kosa kwenye kaburi la baba yangu, na watajua hata mimi nimekaa hapa nikiliacha lipite. Niliona aibu. Nikanyang'anya kitabu. Raba nilikuwa nayo mfukoni, ile ya kusahihishia madaftari. Nilifuta kabla sijatoka makaburini.

Kwa hiyo ile barua yangu ya kwanza, yote yale ya dawa kali na wimbo wa mwanzo, niliandika nikijua siyo kweli. Mama, nisamehe.

Nimemwendea padre mmoja hapa mjini, nikamweleza bila kutaja majina. Anasema Kanisa siku hizi lina sala za maziko kwa mtoto ambaye wazazi wake walitaka abatizwe akafa kabla. Anasema nia yako Mungu aliiona. Hakuna kizuizi.

Nimefikiri tufanye hivi. Misa ya tarehe kumi na nne iende kama ilivyopangwa. Watu wakishakula na kutawanyika, jioni, mimi na wewe na shangazi twende kaburini kwa baba, halafu twende kwenye minyaa. Nitaimba eis, yote, kwa sauti yote niliyonayo. Itakuwa yetu sisi. Watu hawana haja ya kujua mambo ya ndani ya nyumba, na jina la baba litabaki salama. Wengi pale aliwafundisha dini yeye.

Niambie kama unakubali.

Sixbert


Kinampanda,
1 Juni 2025

Kwa mwanangu Sixbert,

Nakusalimu, na Belinda, na Damari, na Stanley. Huku Martina, Rebeka na Melkizedeki wazima. Magunia yamefika.

Umesema ukweli. Nimeusikia. Kusamehe bado, usinisukume. Nilisoma ile ya simu ya Jumatano nikaweka barua chini nikaenda kuchota maji, ndoo ilikuwa imejaa tayari, nikamwaga nikaenda kuchota tena. Mtu anakufa, anapiga simu aseme neno moja, unamjibu ndiyo baba ili urudi kikaoni. Nakupenda, na nikikuona nitakupa chakula kabla ya maneno. Lakini nikiona hiyo raba mfukoni nitaitupa chooni.

Jibu la ombi lako ni hapana.

Unataka jioni, watu wakishaondoka. Unajua unaongea kama nani? Mwanangu ameshazikwa kimyakimya mara moja, na mwenye kanisa akasema watu watasema nini. Sasa unataka kumwimbia kimyakimya, watu wasije wakasema nini. Baba yako alikuwa na miaka thelathini na saba alipofanya lile. Wewe una arobaini na nne, na umesoma. Yeye alipokuwa mgonjwa, hawezi kunyanyua kikombe, alitaka lisikike mbele za watu. Jina lake unalolinda, yeye mwenyewe alikuwa tayari kuliweka chini. Mwache aliweke.

Kwa hiyo utakuja mchana. Kwaya ikishamaliza na kinanda chao, utasimama kaburini na kitabu kile. Nimeshazirudisha esi, kwa kalamu ya wino, karatasi ilitoboka kidogo kwenye ya pili lakini inasomeka. Utawaambia watu, siku ya maziko nilibadilisha neno aliloagiza baba, nilikosea. Hayo tu, hadithi nyingine nitaisema mimi kama nitaulizwa, na nadhani nitaulizwa. Wale mapadre wawili uwaalike. Wakicheka Kilatini, waelekeze kwangu. Kisha utaimba, na mimi nitaitikia. Rebeka anasema yeye naye ataitikia, hata kama hajui panaishia wapi.

Kutoka hapo tunakwenda kwenye minyaa na msalaba mbele, yeyote atakayependa kutufuata atufuate.

Sasa kuna jambo lililotokea jana. Nilikwenda kwa Festo na Rebeka kuandikisha nia ya misa. Festo akafungua daftari, akaandika Marehemu Bonifasi. Nikamwambia, wako wawili. Akasema, "Sawa mama. Wa pili nani?" Rebeka akawahi kusema, andika mtoto wa Bonifasi. Festo akasema, "Mama Rebeka, padre akifika hapo lazima asome jina." Akashika kalamu akaningoja.

Baba yako hakumpa jina. Alisema asiyebatizwa hana jina la kuandika popote. Na kila aliyenipa pole siku zile alinipa pole ya mimba. Kwa hiyo Festo ndiye mtu wa kwanza duniani kuniuliza anaitwa nani.

Nilikuwa nalo. Nilimpa saa zile zile alipokuwa analia, kabla ya maji, kabla ya maneno yangu mabaya. Sikumwambia baba yako, sikumwambia Rebeka aliyekuwa ameshika kibuyu. Jana sikuweza kulisema, mdomo ulikataa, nikamwomba Festo kalamu nikaliandika mwenyewe. Festo akasoma kwa macho, akafunga daftari taratibu. Rebeka njia nzima ananiuliza, wifi, uliandika nini, na mimi namwambia atasikia kanisani.

Wewe nakuambia sasa. Dada yako anaitwa Theodora.

Nijibu upesi, usikae wiki mbili kama ulivyokaa, kondakta anapita hapo Jumanne. Sitaki barua ndefu. Niambie kama unakuja, na uandike jina lake humo, kwa mkono wako. Mpaka leo nimeliona kwa mwandiko wangu peke yangu.

Mama yenu,
Severina